Mwili huhama siku moja, haki huhama kwa miaka

Ukikaa na watu wanaoishi nje ya nchi zao, wawe wa taifa lolote, malalamiko utakayoyasikia yanafanana mno. Mmoja benki imemtaka ajaze fomu kuhusu kodi ya nchi aliyoiacha zamani. Mwingine ameachishwa kazi na sasa anahesabu siku za kibali chake cha ukaazi. Wa tatu ana mama mgonjwa nyumbani, hajui amlete au arudi yeye. Wa nne amekaa nchi ya watu miaka mingi, kodi analipa kila mwezi, lakini siku ya uchaguzi ni mtazamaji kote kuwili. Mtu wa pembeni husikia manung'uniko yasiyohusiana. Mimi naona yana shina moja, na ukishalijua shina hilo, mengi yanayoonekana kama bahati mbaya huanza kueleweka, na baadhi yake huweza kuepukwa kabisa.

Shina lenyewe ni hili. Mtu anapohama, mwili wake huvuka mpaka kwa siku moja. Lakini vitu vinavyomuunganisha na dola, yaani kodi, bima ya afya, pensheni, kura, uraia, malezi ya watoto na hata mirathi, havivuki naye siku hiyo. Kila kimoja kina kalenda yake. Kimoja huhama baada ya miezi sita, kingine baada ya miaka kumi, kingine hakihami mpaka mtu afe. Anayeishi ughaibuni anaishi ndani ya kalenda hizo zote kwa wakati mmoja, na shida humpata pale mbili zinapogongana au zinapoacha pengo katikati.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2024 wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 304, sawa na asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Humo wamo wakimbizi, vibarua, wauguzi, wanafunzi, mameneja wa makampuni na wastaafu. Hali zao haziko sawa hata kidogo, na wapo ambao kwao makala hii itaonekana kuzungumzia shida za walioshiba. Hata hivyo, mgongano wa kalenda unawagusa wote. Tofauti ni kwamba mwenye fedha hununua muda na ushauri wa wakili, na asiye nazo hubeba mgongano huo kwa mabega yake.

Kibali kilicho mkononi mwa mwajiri

Tuanze na kibali cha kazi, maana ndicho kinachoshikilia mengine yote. Katika nchi nyingi kibali cha mgeni hutolewa kwa kazi fulani, kwa mwajiri fulani. Kazi ikiisha, haki ya kuwepo nchini nayo huanza kuisha. Nchini Marekani, mwenye H-1B, yaani viza ya kazi za kitaalamu, akiachishwa kazi hupewa hadi siku 60 za kujipanga, kwa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2017. Kama muda wake halali wa kukaa nchini unakwisha kabla ya hapo, hata hizo 60 hazipati zote. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mwingine wa kumwombea kibali upya, au abadili hadhi yake ya uhamiaji, au afungashe.

Zitazame siku hizo kwa karibu. Mkataba wa pango bado una miezi saba. Mtoto yuko katikati ya muhula. Kibali cha mwenza kinategemea cha aliyeachishwa, kwa hiyo naye ameingia hatarini ingawa hakuna aliyemgusa kazini kwake. Usaili wa kazi ya maana huchukua wiki kadhaa, na mwajiri mpya lazima akubali kubeba gharama na makaratasi ya uhamiaji, jambo ambalo wengi hulikimbia wakilisikia tu. Mwenyeji aliyeachishwa siku ileile, ofisi ileile, amepoteza kipato. Mgeni amepoteza kipato, na nyumba, shule na kazi ya mwenza vyote vimepangiwa tarehe moja ya mwisho.

Katika nchi za Ghuba jambo hili limekuwa na sura kali zaidi kupitia mfumo wa kafala, ambapo mwajiri ndiye mdhamini wa kuwepo kwa mfanyakazi nchini. Kwa miaka mingi mfumo huo umewazuia watu kubadili kazi, na mahali pengine hata kuondoka nchini, bila ridhaa ya mdhamini. Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kwa mwingine. Silinganishi mateso ya kibarua wa ujenzi na wasiwasi wa mhandisi wa kompyuta. Lakini mantiki ni ileile: serikali imemkabidhi mwajiri sehemu ya mamlaka yake juu ya mpaka.

Hili ndilo ninaloliona kuwa baya kuliko yote katika maisha ya ugenini, kwa sababu linaharibu mambo yasiyohusu uhamiaji hata kidogo. Mgeni hasemi anapocheleweshewa malipo ya saa za ziada. Hajiungi na chama cha wafanyakazi. Anayanyamazia matusi. Wenzake wenyeji humwona mpole au mwoga, pengine humchukia kwa kuwa anashusha viwango vya kazi, ilhali yeye anajua kwamba ugomvi mdogo na bosi unaweza kuishia uwanja wa ndege. Nchi inayotaka kulinda mishahara ya raia wake ingeanza kwa kumwezesha mgeni kuacha kazi mbaya bila kupoteza paa.

Kodi na siku 183

Wengi huamini kwamba kodi hulipwa pale mtu anapofanyia kazi, basi. Wengine wamesikia habari ya siku 183, yaani zaidi kidogo ya nusu mwaka, wakahitimisha kwamba asiyefikisha siku hizo hadaiwi. Kipimo hicho kipo kweli katika sheria za nchi nyingi, lakini kimewaponza watu kwa sababu si kipimo pekee. Nchi inaweza kukuhesabu mkaazi wake wa kikodi kwa kuwa una nyumba pale iliyo tayari kukupokea wakati wowote, au kwa kuwa familia yako imebaki pale, hata kama wewe mwenyewe ulikuwapo wiki chache tu. Nchi ya pili nayo inakuhesabu kwa siku ulizokaa. Hapo umekuwa mkaazi wa nchi mbili kwa mwaka mmoja, na zote mbili zina haki kwa sheria zao.

Kwa ajili hiyo ipo mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili, mingi ikifuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Kielelezo hicho kina ngazi za kuamua. Kwanza huulizwa makazi ya kudumu yako wapi. Yakiwa kote, huulizwa kitovu cha maslahi ya maisha kiko wapi: mwenza na watoto, shughuli za kiuchumi, mali, mahusiano. Isipoeleweka, hutazamwa mahali mtu anapokaa kwa kawaida. Uraia huja baada ya hapo, ngazi ya nne, na mwisho kabisa mamlaka za nchi mbili hukaa zikubaliane. Watu hushangaa kuona uraia uko chini kiasi hicho. Kwa macho ya mtoza kodi, pasipoti yako haina uzito wa kitanda anacholalia mwanao.

Kutokana na mpangilio huo, aliyehama peke yake na kuiacha familia nyuma yuko katika hali tofauti kabisa na aliyehama na familia nzima, hata kama wanafanya kazi moja kwa mshahara mmoja. Ushauri wa mwenzako kazini, hata akiwa mkweli kiasi gani, unaweza kuwa sahihi kwake na hatari kwako. Na kama nchi zako mbili hazina mkataba kati yao, ngazi hizo hazikusaidii. Unarudi kwenye sheria ya kila nchi peke yake.

Kisha zipo nchi zisizojali ukaazi. Marekani huwataka raia wake watangaze mapato yao popote walipo duniani, na mizizi ya utaratibu huo inarudi hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya karne ya 19. Ipo misamaha na punguzo kwa kodi iliyolipwa ugenini, hivyo wengi hawaishii kudaiwa, lakini wajibu wa kujaza fomu haumwachi mtu. Eritrea hutoza asilimia 2 ya kipato cha raia wake walio nje. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya FATCA inayozitaka taasisi za fedha za nje kutoa taarifa za akaunti za Wamarekani, na baadhi ya benki zikaona afadhali kuwakataa wateja hao kuliko kubeba kazi hiyo. Walioumia zaidi ni watu waliozaliwa Marekani wazazi wao wakiwa huko kwa muda, wakaondoka wachanga, wakakua wakijijua kuwa raia wa kwingine. Mtu wa namna hiyo huweza kugundua uraia wake wa pili kwa barua ya benki akiwa mtu mzima.

Na ile fomu ambayo wengi huijaza bila kuielewa, inayouliza nchi zako za ukaazi wa kikodi na namba yako ya mlipakodi? Hiyo inatokana na utaratibu wa OECD wa mwaka 2014 wa kubadilishana taarifa za akaunti, ambao ulianza kufanya kazi mwaka 2017 na sasa unahusisha zaidi ya nchi na maeneo 100. Benki inaulizia ili ipeleke taarifa kwa mamlaka yake, nayo izipeleke kwa nchi uliyoitaja. Ijaze kwa uangalifu. Ukiandika nchi usiyokuwa tena mkaazi wake wa kikodi, umeipa taarifa za fedha zako nchi isiyokudai, na siku moja itakuuliza kwa nini hukutangaza.

Karatasi ya sentimita tisa

Hakuna mgeni asiyewahi kurudishwa dirishani kwa sababu cheti chake "hakijathibitishwa". Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, shahada ya chuo: kwa nchi nyingine hizo ni karatasi tu mpaka zithibitishwe. Zamani njia ilikuwa ndefu. Muhuri wa ofisi iliyotoa cheti, kisha wa wizara, kisha wa wizara ya mambo ya nje, kisha wa ubalozi wa nchi unakokwenda. Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulikusudia kuifupisha njia hiyo kwa cheti kimoja kiitwacho apostili. Ukiiona ni kitu kidogo: mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, vipengele kumi vyenye namba, na kichwa cha maneno kwa Kifaransa hata kama mengine yote yameandikwa kwa lugha nyingine. Zaidi ya nchi 120 zimo katika mkataba huo. China ilianza kuutumia Novemba 2023, Kanada Januari 2024.

Mawili husahaulika, na ndiyo yanayoleta hasara. Apostili huthibitisha saini, wadhifa wa aliyesaini na muhuri, basi. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli, wala haiilazimishi nchi nyingine kuitambua shahada yako. Muuguzi au mwalimu aliyefika na vyeti vyenye apostili bado ana safari ya pili kwa baraza la taaluma yake, na hiyo huweza kuchukua miaka, ikiwemo mitihani ya lugha na vipindi vya kufanya kazi chini ya usimamizi. La pili ni kwamba ofisi inayotoa apostili ni ya nchi iliyotoa cheti, kwa hiyo aliyeondoka bila kuichukua analazimika kumtuma mtu. Kati ya yote anayoweza kufanya mtu kabla ya kuondoka, hili ni la bei rahisi kulifanya mapema kuliko baadaye.

Michango inayopotea njiani

Pensheni hailalamikiwi na vijana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nchi nyingi huweka idadi ya chini ya miaka ya kuchangia kabla ya kupata chochote. Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hutaka miaka kumi ya kazi. Aliyefanya kazi miaka minane hapa, saba pale na tisa kwingine anaweza kustaafu bila kufikisha kiwango popote, ingawa kalipa miaka 24. Dawa yake ni makubaliano ya kujumlisha vipindi: kila nchi huhesabu miaka ya nchi nyingine ili kuona kama umefuzu, kisha hulipa sehemu inayolingana na miaka yako kwake. Ndani ya Umoja wa Ulaya hilo limewekwa na Kanuni ya 883 ya mwaka 2004. Nje ya hapo ni makubaliano ya nchi na nchi, na mapengo ni mengi, hasa kati ya nchi tajiri na nchi maskini.

Hata aliyefuzu hayuko salama. Uingereza huongeza pensheni ya serikali kila mwaka kwa wastaafu walioko nchini, walioko Umoja wa Ulaya na walioko Marekani, lakini aliyehamia Kanada au Australia hubaki na kiwango kilekile alichoanza nacho mpaka afe. Wastaafu hao walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wakashindwa. Watu wawili waliochangia sawasawa, mmoja akaenda kuishi karibu na mwanawe upande mmoja wa mpaka wa Marekani na Kanada, mwingine upande wa pili, wanapokea tofauti. Sijasikia hoja ya haki inayoweza kulitetea hilo mbele ya wastaafu wenyewe.

Walio juu yako na walio chini yako

Ukitaka kujua kinachowakosesha usingizi watu wa ughaibuni, acha kodi. Ni wazazi. Mtu huondoka akiwa kijana, wazazi wana nguvu, na hesabu yake ni ya miaka mitano. Miaka mitano inazaa kumi na tano, kisha simu inaanza kulia saa zisizo za kawaida.

Kumleta mzazi ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Uingereza ilibana masharti hayo Julai 2012: mzazi lazima awe anahitaji uangalizi wa muda mrefu kwa shughuli zake za kila siku, na ithibitike kwamba uangalizi huo haupatikani alipo hata kwa fedha za mwanawe. Yaani mtoto mwenye kipato cha kumtunza mzazi kwa kumtumia fedha huwa, kwa kipato hichohicho, amejiharibia ombi. Kanada huruhusu viza ya muda mrefu kwa wazazi na babu na bibi, ambayo tangu 2022 huweza kuwapa hadi miaka mitano kwa kila kuingia, kwa sharti la bima binafsi ya afya. Ni nafuu kubwa, ila si makazi.

Kwa hiyo wengi hubaki na kutuma fedha. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha kwamba kutuma dola 200 hugharimu kwa wastani zaidi ya asilimia 6, ilhali Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka gharama ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tofauti hiyo hutoka kwenye dawa za mgonjwa. Na nyuma ya fedha kuna mvutano ambao hauandikwi popote: ndugu aliyebaki ndiye anayembeba mzazi kitandani, aliye nje ndiye anayelipa, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui uzito alionao. Wote wawili wako sahihi. Familia ninazoziona zikivuka salama ni zile zilizoyazungumza mapema, mzazi mwenyewe akiwepo na akili zake timamu, zikaamua nani anafanya nini na nani ana mamlaka ya kusaini hospitalini.

Upande wa watoto, wasiwasi unaosikika sana ni lugha. Wazee husema mwacha asili ni mtumwa, na mzazi wa ughaibuni hutupiwa methali hiyo kila anapompigia bibi simu na mtoto akajibu kwa lugha ya shuleni. Nadhani lawama hiyo imezidi. Mtoto hujifunza lugha anayoihitaji na anayoisikia vya kutosha kutoka kwa watu anaotaka kuzungumza nao. Mzazi mmoja anayerudi kazini usiku hawezi kushindana na darasa zima. Likizo ndefu na binamu hufanya kazi ambayo karipio halitafanya.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ndoa ikivunjika ugenini, mzazi mmoja hawezi kumchukua mtoto na "kurudi nyumbani" tu. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto, ambao una nchi zaidi ya 100, hutazama makazi ya kawaida ya mtoto. Uraia wake hauangaliwi, wala mahali alipozaliwa mama yake. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiondolewa bila ridhaa ya mzazi mwenye haki ya malezi, mahakama ya nchi alikopelekwa kwa kawaida itaamuru arudishwe, na shauri la malezi liamuliwe kule alikotoka. Mkataba huo una sababu njema, na umewaokoa watoto wengi. Ila maana yake kwa mama aliyemfuata mume ugenini, hana kazi, na kibali chake kinamtegemea mume huyo, ni kwamba mtoto amehama kisheria na yeye bado. Hapa kalenda mbili zimegongana ndani ya nyumba moja. Watu wajue jambo hili kabla ya kuhama, wakiwa bado wanapendana.

Kufa nako kuna sheria zake. Katika sehemu kubwa ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 17 Agosti 2015, mirathi hufuata sheria ya nchi ambako marehemu alikuwa na makazi yake ya kawaida ya mwisho, isipokuwa kama aliandika wosia akichagua sheria ya uraia wake. Sentensi moja katika wosia ingeziokoa familia nyingi mashauri ya miaka. Mwili nao huhitaji hati ya kusafiria: Makubaliano ya Berlin ya 1937 na yale ya Strasbourg ya 1973 yaliweka pasi maalumu ya maiti, na jeneza lazima lifungwe kwa namna inayozuia kuvuja. Jumuiya za wageni zilizo hodari huwa na mfuko wa pamoja wa jambo hili. Asiyejiunga huwaachia wenzake kuchangishana wakati wa majonzi.

Kura

Hapa nchi zimeachana njia kabisa. Ufaransa ina wabunge 11 wanaochaguliwa na raia walio nje. Uingereza iliondoa Januari 2024 kikomo cha miaka 15, sasa raia wake aliye nje hupiga kura maisha yake yote. Ireland, kwa upande wake, huwanyima kura wengi wa walioondoka. New Zealand hufanya kinyume na nchi nyingi kwa mgeni: tangu 1975 mkaazi wa kudumu aliyekaa mwaka mmoja hupiga kura ya bunge bila kuwa raia. Ubishi wa wageni wenyewe hauishi. Wapo wanaosema asiyeishi chini ya serikali asiichague, na wapo wanaosema fedha wanazotuma zinajenga nchi kuliko hotuba. Mimi nashikamana na kanuni ya New Zealand. Anayeamka kila siku chini ya sheria fulani ana hoja nzito kuliko yeyote ya kutaka sauti juu ya sheria hiyo.

Upweke una kalenda pia

Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alieleza uzoefu wa wasomi wa nchi yake waliokuwa Marekani kwa umbo la herufi U: furaha mwanzoni, kushuka katikati, kupanda tena. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaandika juu ya mshtuko wa utamaduni na hatua zake. Tangu hapo wageni wengi wamefundishwa kusubiri "mwezi wa asali" upite. Watafiti waliowafuatilia watu hatua kwa hatua baadaye mara nyingi walikuta kwamba ugumu mkubwa uko mwanzoni kabisa, siku zile mtu hajui hata akatie wapi tiketi ya basi. Naliona hili lina faida ya moja kwa moja. Aliyeambiwa kwamba mwanzo ni wa furaha, akijikuta analia wiki ya pili, hudhani ana kasoro. Hana.

Kinachochelewa ni urafiki. Ujirani, salamu, ucheshi wa kazini huja ndani ya mwaka. Mtu wa kumpigia usiku wa manane huja polepole mno, na wengi hugundua hawana mtu huyo siku wanapotakiwa kujaza kisanduku cha "mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura". Wapo wanaoshauri mgeni ajitenge na watu wa kwao ili azoee haraka. Wengine hawatoki nje ya jumuiya yao. Ninavyoona, watu wa kwao humpa mgeni taarifa na faraja katika miezi ya kwanza, na wenyeji humpa kazi na uenyeji katika miaka inayofuata. Anayewakosa hao wa kwanza huumia mapema. Anayewakosa wa pili huumia baadaye, wakati hakuna tena anayemwona kuwa mgeni wa kusaidiwa.

Kurudi

Kurudi huzungumzwa kama mwisho wa safari, ilhali ni kuhama upya. Bima ya afya ya huko nyumbani huweza kuwa na kipindi cha kusubiri. Watoto wanahamia nchi ambayo kwao ni ya likizo. Na haki za ugenini zilizochukua miaka kujengwa zina tarehe za kufa. Mwenye hadhi ya ukaazi wa muda mrefu ya Umoja wa Ulaya, inayopatikana baada ya miaka mitano, kwa kawaida huipoteza akikaa nje ya umoja huo miezi 12 mfululizo. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, anayetaka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi anatakiwa kuomba kibali cha kurejea kabla ya kuondoka, nacho hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili. Wengi huenda "kujaribu mwaka mmoja tuone", wakauona mwaka umekuwa wa miezi kumi na mitatu, na mlango wa pili ukafungwa bila wao kuamua. Aliye na mpango wa namna hiyo aulize kuhusu tarehe hizo kabla hajatoa taarifa ya kuacha nyumba, na kama uraia wa kule unamkaribia na nchi yake inaruhusu uraia pacha, auombe kwanza. Ujerumani iliruhusu uraia zaidi ya mmoja kuanzia Juni 2024 na kupunguza muda wa kusubiri hadi miaka mitano, na kwa waliokuwa wakisitasita kwa hofu ya kuupoteza uraia wao wa asili, hilo limebadili kabisa hesabu ya lini warudi.